Wakala wa bima wa mlango kwa mlango Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia usajili hadi siku dai linapolipwa

Ukibisha hodi Chang'ombe au Nkuhungu umechomekea shati, begi begani na daftari mkononi, mwenye nyumba haoni wakala wa bima. Anaona mtu wa marejesho. Ameshuhudia vijana wa mikopo ya kausha damu wakimbebea jirani televisheni na makochi, mchana kweupe, watu wanatazama. Basi mtoto anatumwa mlangoni kusema mama hayupo, na wewe sauti ya mama unaisikia uani.

Nimefanya kazi hii miaka tisa, mingi Dodoma mjini na kiasi Bahi na Kongwa. Nimewafundisha vijana kadhaa. Waliodhani kazi ni kuuza waliacha kabla ya mwaka kwisha. Kuuza ni kazi ya siku moja. Kurudi kila mwezi kwa mtu yuleyule, kupokea hela yake, kuiandika na kuifikisha kunakohusika siku hiyohiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo itakayoamua kama mlango ule utafunguliwa mwakani. Kwa hiyo ya kuuza nitayapitia haraka, na kwenye ukusanyaji na madai nitatulia.

Hatua ya 1: Sajiliwa kwanza, jua unachouza

Wakala wa bima nchini anasajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009. Makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, kwa hiyo mtu wa huku hana kisingizio cha umbali. Utahitaji cheti cha umahiri wa bima, ambacho wenyewe tunakiita COP. Kozi yake ni fupi, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, ni mojawapo ya vyuo vinavyoitoa. Kampuni itakayokuchukua ndiyo itakayokuongoza kwenye maombi ya usajili.

Kabla ya kusaini na kampuni yoyote, uliza maswali haya na upewe majibu kwa maandishi. Kamisheni inalipwa tarehe ngapi? Mteja akiacha kulipa mapema, nitakatwa kamisheni niliyokwisha kula? Nitakusanya kwa risiti za kitabu au kwa mfumo wa simu? Dai likitokea Mpwapwa, nani anashughulikia na karatasi zinapelekwa wapi? Kampuni isiyo na jibu la swali la mwisho, mimi singeifanyia kazi hata kwa kamisheni mara mbili. Siku ya dai haitamtafuta meneja wa Dar es Salaam. Itakutafuta wewe nyumbani kwako.

Kisha soma mkataba mzima wa kila unachouza, pamoja na ukurasa wa yasiyolipwa. Wateja wa Dodoma wanachanganya mambo mengi, na ni juu yako kuyatenganisha. Wengi wakisikia neno bima wanafikiria CHF, ile bima ya afya ya jamii ya kulipia matibabu ya kaya. Wengine wanafikiria stika ya gari. Eleza kwa utulivu kwamba bima ya maisha si ya matibabu, na bima ya mazishi si akiba ya kuchukua ukikwama. Kwa wenye magari, hakikisha wanaelewa kuwa bima ndogo, ambayo kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kuwa shilingi 118,000 (yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18), inamlinda aliyegongwa na si gari la mwenyewe. Mfundishe pia kuhakiki stika yake kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS. Mteja anayejua kuhakiki atakuamini zaidi kuliko anayelazimika kukuamini.

Kondoa, na mitaa yenye Waislamu wengi hapa mjini, utaulizwa habari ya riba. Usibishane na mtu juu ya dini yake. Siku hizi bima ya takafuli, inayofuata misingi ya Kiislamu, ipo nchini. Kama kampuni yako haina, mwelekeze kwa mwenye nayo. Nimewahi kupoteza mteja mmoja hivyo, na yeye akaniletea ndugu zake watatu waliotaka bima za magari.

Hatua ya 2: Chora eneo lako kwa kufuata fedha inavyotembea

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Huwezi kuwafikia wote, na anayejaribu anamaliza nauli. Chagua kata mbili au tatu zinazopakana, uzitembee mpaka mbwa wakuzoee.

La muhimu zaidi ni kujua kila kundi linashika hela lini. Watumishi wa serikali, waliojaa Kisasa, Area C, Ilazo na njia ya kwenda Mtumba, wanapata mshahara kabla ya mwezi kwisha. Kwao ni bora makato ya moja kwa moja kwenye mshahara, ila angalia hati ya mshahara kwanza. Mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara wake, na wengi mikopo imekwisha kula nafasi yote. Ukimwandikisha mtu ambaye makato yake yatakataliwa umejipotezea muda, na yeye anakaa akidhani ana bima.

Wafanyabiashara wa Soko la Majengo, Sabasaba na Soko Kuu la Job Ndugai wana hela kila siku lakini kidogokidogo. Wenye nyumba za wageni, mama lishe na bodaboda wa mjini wanashiba Bunge la bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni. Wenye vyumba vya kupangisha karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma wanashika hela wanafunzi wanapofungua. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wana mavuno makubwa karibu na Agosti na Septemba, na mengine madogo mwanzoni mwa mwaka. Mkulima wa mtama, uwele au alizeti anapata baada ya mavuno, kuanzia Mei, na mahindi ya Kongwa yanapita sokoni Kibaigwa.

Sasa mtazame mkulima huyohuyo mwezi Februari. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, ghala linakaribia kuisha, shamba linadai palizi, na Januari imekwisha kuondoka na sare na madaftari ya watoto. Ukimpangia kulipa kila mwezi, Februari utamkuta hana. Mpangie kulipa mara moja au mara mbili kwa mwaka, baada ya kuuza. Makampuni mengi yanaruhusu ulipaji wa robo mwaka, nusu mwaka au mwaka mzima, lakini mawakala hatuutaji kwa sababu tumezoea mfano wa mtumishi wa mshahara.

Hatua ya 3: Pita serikali ya mtaa

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ukiwa na kitambulisho cha kazi, barua ya kampuni na nakala ya usajili wako. Eleza utakachofanya, acha namba yako ya simu, omba akusainie nakala moja ya barua. Kijijini pita pia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu akienda kuuliza huyu anayezunguka ni nani, apate jibu.

Hatua ya 4: Mlangoni

Piga hodi, subiri, rudi nyuma hatua mbili. Salamu haiharakishwi. Shikamoo kwa aliyekuzidi, na kwa wazee wa Kigogo ukisema mbukwenyi kwa moyo, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, uso wake utafunguka. Uliza habari za nyumbani, za mvua, za shamba. Kisha sema mapema, kabla ya kukaa: "Mama, mimi si wa mikopo wala marejesho. Ni wakala wa bima, natembea mtaa huu, mwenyekiti ana taarifa zangu." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungulia milango mingi kuliko nyingine yoyote.

Siku ya kwanza usitoe fomu. Ukikaribishwa maji, kunywa. Ukikaribishwa ugali na mlenda, kula hata matonge mawili. Sikiliza nani anategemewa nyumba ile, nani yuko shuleni, nani amefiwa karibuni na walimudu vipi. Mtu aliyechangisha mazishi mwaka jana anaijua bima ya mazishi kuliko wewe, hajui tu jina lake.

Wazee watakuambia habari ya bima waliyolipa miaka mingi zamani, na ilipoiva ikatosha kununua mifuko michache ya saruji. Ni kweli, ilitokea, thamani ya shilingi ilishuka sana. Usiwakatalie. Waambie wazi kwamba bima ya akiba ya miaka 15 au 20 inaweza kupunguzwa nguvu na kupanda kwa bei, na waonyeshe kwenye mkataba kama kuna bonasi na inahesabiwaje. Kama mtu anachotaka ni faida ya haraka, mwambie bima si mahali pake.

Hatua ya 5: Fomu

Fomu jaza ukiwa umekaa, mchana, kitambulisho cha NIDA mezani. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo kanisani, jina la ukoo kwenye NIDA, na mtaani anajulikana kama Mama fulani. Jina lililoandikwa tofauti litakuja kumla mjane miezi miwili ya kuzunguka na viapo.

Maswali ya afya msomee yote, moja moja, na uandike anachojibu. Kuna mawakala wanaopiga "hapana" kuanzia juu hadi chini ili fomu ipite upesi. Mtu anameza dawa za presha, wakala anaandika mzima wa afya. Siku ya dai kampuni itaomba faili la hospitali, na hapo familia inakosa kila kitu kwa sababu ya kalamu yako. Mteja akisema "andika tu hapana," mweleze kwamba anaweza kukubaliwa na presha yake kwa ada ya juu kidogo, lakini akificha analipia karatasi tupu.

Mnufaika, yaani atakayelipwa siku ya dai, muulize mteja akiwa peke yake. Nasema hivi kwa uzoefu. Mwanamume mbele ya mkewe atamtaja mke asilimia 100, kisha baada ya siku tatu atakupigia anataka kubadilisha. Mwanamke mbele ya mumewe atamtaja mume, na moyoni anamfikiria mama yake Chemba anayelea watoto wake wawili. Si kazi yako kuamua. Kazi yako ni kumpa nafasi ya kusema anachotaka, kuandika asilimia ya kila mmoja, na pale mnufaika ni mtoto, kuandika jina la mtu mzima atakayemsimamia. Kila mwaka muulize tena, kwa maana watu wanaoa, wanaachana, wanazaa.

Picha za vitambulisho zisibaki kwenye simu yako, na zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la timu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna heshima ya mtu.

Hatua ya 6: Panga ada kwa mwezi mbaya

Mteja akiwa na furaha atataja kiasi kikubwa. Muuza mboga wa Majengo atakuambia elfu 40 kwa mwezi. Mpigie hesabu mbele yake: siku nzuri unabakiwa na kiasi gani? Siku mbaya je? Tuseme nzuri ni 15,000 na mbaya ni 4,000. Chukua ile mbaya. Toa chakula, toa mchezo wa kikoba, toa kodi ya chumba. Akibakiwa na shilingi 500 kwa siku, siku 30 ni 15,000. Hapo ndipo uanzie, au hata chini kidogo, ingawa kamisheni yako inapungua. Mkataba wa elfu 12 uliolipwa miaka sita umenilisha kuliko wa elfu 40 uliokufa mwezi wa nne.

Hatua ya 7: Kukusanya

Kubaliana na mteja siku moja ya mwezi na saa, uifuate kama siku ya ibada. Mama wa sokoni usimwendee saa tatu asubuhi akiwa na wateja. Nenda saa nane mchana jua likiwa kali na soko limetulia. Bodaboda mfuate kijiweni asubuhi kabla hajatoa hesabu ya tajiri. Mkumbushe kwa simu siku mbili kabla, ujumbe mfupi wa heshima: "Shikamoo mama, keshokutwa tarehe 5 nitapita kama kawaida."

Njia bora ya malipo ni mteja mwenyewe kulipa kwa lipa namba ya kampuni kutoka kwenye simu yake, wewe ukiwepo kumwelekeza. Kamwe isiwe namba yako binafsi, hata mtandao ukisumbua, hata akisema anakuamini. Akishalipa, andika namba ya muamala kwenye daftari na umwambie asifute ujumbe. Mweleze pia mapema makato ya muamala anabeba nani, maana shilingi mia chache zisizoelezwa zinaleta maneno mtaani.

Wapo watakaolipa taslimu, hasa wazee na watu wa vijijini. Hesabu fedha mbele yake, mara mbili, kwa sauti. Andika risiti hapohapo kabla fedha haijaingia mfukoni: tarehe, saa, jina, namba ya mkataba, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na mwezi unaolipiwa. Nakala moja kwake, nyingine kwenye kitabu. Asiyejua kusoma, msomee, aweke dole gumba.

Hilo la mwezi unaolipiwa lishike sana. Ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia hapo. Mteja anasema nimelipa Machi, mfumo unasema Machi haijalipwa, na wote wako sahihi: alitoa fedha mwezi Machi kwa ajili ya Februari. Daftari langu lina safu mbili tofauti, tarehe ya kutoa na mwezi unaolipiwa, pamoja na namba ya risiti au muamala, saini, na namba ya nyumba. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mitaani vimetusaidia mno. Zamani niliandika "nyumba ya geti la bluu baada ya mashine ya kusaga", na geti likapakwa rangi nyingine.

Taslimu isilale kwako. Peleka kwa wakala wa benki wa mtaa huohuo kabla hujapanda daladala, uingize akaunti ya kampuni, upate risiti. Usibadilishe njia hiyo hata iwe elfu tano.

Mwaka wangu wa pili nilipokea ada ya mama mmoja muuza dagaa, Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, shilingi 20,000. Ofisi ilikuwa imefungwa, kwa wakala kulikuwa na foleni, nikasema Jumatatu. Jumamosi siku za neema za mkataba wake, zile anazoongezewa mteja aliyechelewa ada, zikaisha. Jumapili usiku mumewe, ambaye naye alikuwa ndani ya mkataba, akafariki. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama na elfu ishirini ya mtu mfukoni na mkataba uliokwisha kufa kwenye mfumo.

Kilichomwokoa ni ile risiti. Niliiandika Ijumaa, mbele yake, na saa nikaandika. Niliandika maelezo kwa kampuni nikikiri kwamba fedha ilikaa kwangu siku tatu. Uchunguzi ulichukua wiki tano, dai likalipwa, mimi nikapewa onyo la maandishi nililostahili. Katika wiki hizo tano nilipita mezani pake kila siku, kwa kuwa kumkwepa kungekuwa vibaya zaidi. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa ananitazama tu, halafu anaendelea kupanga mafungu ya dagaa. Tangu hapo sijalaza hela ya mteja hata usiku mmoja.

Kuna jambo jingine linaloonekana kama wema, nalo ni hatari. Mteja atakupa nusu: "Kaka, shika hizi elfu saba, nyingine nitakupa wiki ijayo, nikikaa nazo nitazitumia." Usipokee. Ukipokea umekuwa benki isiyo na leseni, na siku ukiugua hakuna anayejua elfu saba za nani ziko wapi. Mshauri aweke kibubu, au aziweke kwenye simu yake mwenyewe. Mimi wateja wangu wa sokoni niliwanunulia vibubu vya bati, wakaviandika BIMA kwa kalamu. Siku ya kulipa tunakifungua pamoja, tunahesabu.

Hatua ya 8: Anayekwama

Mikataba mingi ya maisha niliyouza inatoa siku 30 za neema baada ya tarehe ya ada. Wateja wasome hilo siku ya kwanza, si siku wamechelewa. Siku ya tano ya kuchelewa pita, usipige simu tu. Usiulize hela. Uliza hali. Mara nyingi utakuta mgonjwa ndani, au mtaji umekatika.

Hapo mweleze njia zilizopo: kupunguza ada, kuhamia ulipaji wa robo mwaka, au kama mkataba wa akiba umeshafikisha muda, kuusimamisha bila kuendelea kulipa ukiwa na kinga ndogo. Mweleze pia kwa ukweli akivunja leo atarudishiwa nini. Mikataba ya akiba ikivunjwa miaka ya mwanzo mara nyingi hairudishi kitu, au inarudisha kidogo mno. Mteja asikie hilo kwako, na alisikie siku ya kujaza fomu.

Usimlipie mteja ada kutoka mfukoni mwako. Nimejaribu, kwa huruma. Mwezi wa pili nilikuwa nawalipia watano, na nyumbani kwangu hakuna unga. Na usimwaibishe mtu mbele ya majirani. Sauti ikipanda mlangoni, wewe umeshakuwa mtu wa marejesho kweli.

Bima ya gari haina huruma ya siku za neema. Kinga inaanza fedha ikishalipwa, na usimwachie mtu barabara kwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

Hatua ya 9: Siku ya dai

Ukipigiwa simu kwamba mteja amefariki, siku hiyohiyo ijulishe kampuni kwa maandishi, kwa kuwa mkataba una muda wa kutoa taarifa. Kisha nenda msibani bila begi. Kaa na watu, toa rambirambi yako, iandikwe kwenye daftari la msiba kama ya mtu mwingine yeyote. Kama ni bima ya mazishi inayolipa upesi, mvute pembeni ndugu mmoja mwenye utulivu umweleze kinachohitajika. Kama ni bima ya maisha, subiri matanga yaanuliwe.

Siku ya kurudi, nenda na orodha iliyoandikwa kwa mkono, maandishi makubwa. Kwa kawaida wataombwa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, taarifa ya hospitali, kitambulisho cha marehemu na cha mnufaika, mkataba, na akaunti au namba ya simu ya mnufaika. Kifo cha ajali kitahitaji taarifa ya polisi. Kwa majeruhi kuna PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ambayo inachukuliwa polisi mapema, si baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Kifo cha nyumbani kijijini kinaanzia kwa mtendaji, na barua yake iwe na tarehe na muhuri. Familia nyingi hazijawahi kufuatilia cheti cha kifo. Fuatana nao safari ya kwanza, uwaonyeshe dirisha. Ni nusu siku yako, kwao ni wiki mbili za kuzungushwa.

Kila karatasi itolewe nakala kabla ya kukabidhiwa, na kampuni isaini kuwa imepokea. Pita kila wiki kuulizia, ukawape majibu hata kama jibu ni "bado". Ukimya wa wakala ndio unaozaa maneno kwamba bima ni matapeli.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na umsomee mnufaika kwa Kiswahili cha nyumbani. Akiona ameonewa, mweleze anaweza kwenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ndiyo, hata kama linaihusu kampuni yako. Mimi nimefanya hivyo mara mbili na sikufukuzwa kazi.

Hatua ya 10: Na wewe uishi

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu usitegemee kamisheni. Uwe na akiba ya chakula na kodi, au shughuli ya pembeni. Tenga nauli ya wiki siku ya Jumapili, na panga njia usipande boda mara nne kwa siku. Upepo na vumbi jekundu la Dodoma Julai hadi Oktoba vitakumaliza kifua, kwa hiyo vaa barakoa, beba maji, na karatasi zako ziwe kwenye mfuko wa plastiki mwaka mzima. Vijijini nenda wawili. Ratiba ya kukusanya taslimu usiitangaze kijiweni.

Hatua ya 11: Ukihama eneo au ukiacha kazi

Wateja wengi hupotea hapa. Wakala anaondoka kimya, mteja anasubiri tarehe 5 haoni mtu, mwezi wa pili anatumia ile hela, mkataba unakufa bila yeye kujua. Kama unaondoka, iambie kampuni mwezi mzima kabla, udai upewe mtu wa kumkabidhi.

Niliyemkabidhi Kizota nilitembea naye siku nne, nyumba 63. Kila mlango tulianza na salamu, kisha nikamtambulisha kwa jina, akaonyesha kitambulisho chake. Mteja akatoa risiti zake, wengi walizifunga kwa mpira au kuziweka ndani ya Biblia au Kurani, nasi tukafungua daftari. Tukalinganisha mstari kwa mstari mpaka mwezi wa mwisho uliolipiwa. Nyumba mbili hesabu haikukaa sawa. Hizo tulirudi nazo ofisini siku hiyohiyo, tukazitafuta kwenye mfumo mpaka zikaonekana, na kesho yake tukarudi kuwaeleza. Kisha mteja akasaini, yeye akasaini, nami nikasaini chini ya mstari wangu wa mwisho, nikamwachia daftari.